Gari la Viti Viwili, kutoka Bandarini hadi Ngamiani

Alhamisi, Dar es Salaam

Gari limetoka bandarini leo alasiri, likiwa limefunikwa na vumbi la meli, karatasi ya mnada wa Japani ingali imebandikwa kwenye kioo cha mbele, na betri imekufa kiasi kwamba hata taa za dashibodi hazikuwaka. Wakala wa forodha alinikabidhi ufunguo pamoja na bahasha ya nyaraka kwa haraka ya mtu mwenye magari mengine mengi ya kutoa siku hiyohiyo. Kisha akalitazama gari, akanitazama mimi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na viatu vya kazini, akaniuliza kwa adabu kama nina hakika kuwa hili ndilo nililoliagiza. Nilimjibu kwamba nina hakika tangu nikiwa msichana wa sekondari.

Ni Eunos Roadster ya mwaka 1991, toleo la V Special. Sehemu kubwa ya dunia inalijua gari hili kwa jina la Mazda MX-5. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari mwaka 1989, na kufikia Septemba mwaka huohuo lilikuwa likiuzwa Japani kwa jina la Eunos. V Special ilifuata mwaka 1990, na kilichoitofautisha na nyingine ni mambo ambayo mtu wa hesabu atayaona ya bure na mpenzi wa magari hawezi kuyaacha: rangi ya kijani kilichokolea, viti vya ngozi ya kahawia nyepesi, na usukani wa mbao uliotengenezwa na Nardi wa Italia, pamoja na kishikio cha gia na cha breki ya mkono, navyo vya mbao. Picha yake niliiona katika jarida ambalo baharia mmoja alilisahau kwenye gereji ya Mjomba, Ngamiani, Tanga, nilipokuwa nikimpelekea chai ya saa nne. Jarida lilikuwa la Kijapani na sikuelewa hata neno moja, lakini niliukata ule ukurasa nikauficha ndani ya kitabu cha jiometri, na tangu hapo nimepima viwanja, mashamba na mipaka ya vijiji kwa miaka mingi nikiwa ndani ya magari ya ofisi yaliyojaa matope, huku nikijua kabisa ni gari gani ambalo ningependa kulipima kwa macho yangu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, na juu ya hayo gari lenye umri kama wa hili hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu tu limezeeka, hivyo kodi zote pamoja zilikaribia bei ya gari lenyewe. Nilianza kuweka akiba mwanangu wa mwisho alipomaliza chuo, na nilimwambia mtu mmoja tu.

Mtu huyo ndiye Mjomba, ambaye alifika jana kwa basi kutoka Tanga akiwa na begi dogo, mkeka uliokunjwa na kurunzi. Amepita miaka sabini na gereji amewaachia vijana wake, lakini alisema hawezi kukubali niondoke na gari ambalo yeye hajalitazama chini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza moja kwa moja, "Liko wapi hilo gari lako la kitoto?" Akatandika mkeka wake palepale kwenye zege la yadi, akajilaza chali, akaingia chini ya gari hadi ikabaki miguu.

Vijana wa yadi, wakati huo, walikuwa wamefungua boneti wakitafuta betri ili waliwashe kwa kuazima moto wa gari jingine, na hawakuiona. Mjomba aliwaambia kutoka chini ya gari kwamba watafute nyuma. Betri ya Roadster imewekwa ndani ya buti, kwa sababu waliolibuni walitaka uzito ugawanyike sawa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kwa sababu hiyohiyo boneti ni ya alumini. Mjomba alipotoka chini alitoa ripoti yake kwa utaratibu: bati ni zima, kingo za chini ya milango hazijaliwa na kutu, difu haivuji, shokapu za nyuma zimechoka. Akaongeza kwamba atataka kuiona puli ya mbele ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, wakati injini inazunguka, maana katika injini za mwanzo za magari haya, hadi mwaka 1991, ncha ya kranki ilikuwa fupi na puli ikilegea huanza kuyumba. Puli haikuyumba. Lakini injini ilipowaka ilitoa mlio wa kugongagonga kwa juu ulionifanya nishike kifua. Mjomba alitikisa kichwa tu. "Hizo ni tapeti, mama, zinazosukuma valvu. Oili imekaa bila kuzunguka tangu huko ilikotoka. Liache lipate moto." Baada ya muda mlio ulipungua, ukafifia, ukaisha, na kilichobaki ni mngurumo mzito kidogo kuliko nilivyotarajia kutoka kwenye injini ya sentimita za ujazo 1,597.

Ijumaa, kwenda Bagamoyo

Namba za njano zimefungwa asubuhi, bima kubwa imekatwa, na mzigo wetu mwingine umetangulia Tanga kwa basi, kwa kuwa buti likishabeba betri na tairi la akiba hubakiwa na nafasi ya mifuko miwili laini. Gari hili lina viti viwili tu na halina hata pa kutupia mwavuli nyuma ya viti. Binamu yangu wa Mbezi, ambaye alitulaza, aliniuliza litabeba nini. Nilimwambia litanibeba mimi, na safari hii litambeba na Mjomba.

Barabara ya Bagamoyo kupitia Tegeta, Boko na Bunju si mahali pa kufanyia majaribio ya mwendo. Kimo cha gari ni milimita 1,235, na dereva hukaa chini kiasi kwamba kwenye foleni macho yangu yalikuwa sawasawa na nati za magurudumu ya malori, na makondakta wa daladala walilazimika kuinama ili waone ni nani aliye ndani. Kila tuta nililiendea kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine, na Mjomba alihesabu kwa sauti kila mara ekzosi ilipokaribia kugusa lami. Haikugusa.

Baada ya Bunju magari yalipungua, nikasimama pembeni, tukafungua paa. Kazi hiyo ina mpangilio wake: kwanza unafungua zipu ya kioo cha nyuma, ambacho ni plastiki laini na kikikunjwa hupata mkunjo usiotoka, unakilaza, kisha unafungua vifungo viwili vilivyo juu ya kioo cha mbele na kulisukuma turubai nyuma. Hakuna mota na hakuna swichi. Mtu mmoja anaweza kulifunga tena kwa mkono akiwa ameketi kitini.

Hapo ndipo nilianza kulielewa gari lenyewe, na hii ndiyo sehemu ambayo nimekuwa nikitaka kuiandika. Watu wengi wanaposikia gari la spoti hufikiria kwanza kasi, na kwa kipimo hicho Roadster si kitu: nguvu zake ni za farasi 120, na zipo gari za familia zinazopita Barabara ya Morogoro kila siku zenye nguvu kubwa kuliko hizo. Jambo lililowashughulisha wabunifu wake lilikuwa wepesi. Mwaka 1979 mwandishi wa magari wa Marekani, Bob Hall, alimshauri Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba kampuni itengeneze gari dogo la wazi, jepesi, la bei nafuu, la aina ambayo Waingereza walikuwa wameitengeneza kwa miongo kadhaa na wakati ule walikuwa wanaiacha. Yamamoto baadaye alijaribu mwenyewe kuendesha Triumph Spitfire katika milima ya Hakone, na wazo likamwingia. Kazi ya uhandisi ikaongozwa na Toshihiko Hirai, aliyetaka dereva na gari wawe mwili mmoja kama mpanda farasi na farasi wake, na kila sehemu ikapimwa kwa kipimo hicho. Giaboksi na difu vimeunganishwa kwa fremu ndefu ya alumini inayopita chini katikati, ili mguu ukikanyaga mafuta gari liitikie papo hapo bila kujipinda kwanza. Gari zima lina uzito wa kilo 950 hivi.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Jambo ambalo maandishi hayakunieleza ni kwamba katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa, kwenye kona ya kawaida kabisa karibu na Kerege, mikono inapata habari za barabara kupitia ule usukani wa mbao kana kwamba lami inasomwa kwa vidole. Kishikio cha gia husogea umbali mfupi mno na kuingia kwa mlio mdogo mkavu. Nilijikuta nikibadilisha gia mahali pasipohitaji kubadilishwa, kutoka ya nne kwenda ya tatu na kurudi ya nne, mpaka Mjomba akasema, "Mwanangu, hiyo klachi ina mwisho wake."

Tumefika Bagamoyo kabla ya adhuhuri, na nimeliegesha ndani ya ua wa nyumba ya wageni, mbali na mwembe.

Jumamosi, Bagamoyo

Leo gari halikuwashwa kabisa, na imekuwa siku bora kuliko ya jana.

Niliamka alfajiri, nikaomba ndoo mbili za maji baridi, kwa sababu upepo wa bahari huacha chumvi juu ya kila kitu hapa, na chumvi na bati la mwaka 1991 havipaswi kulala pamoja. Nililiosha polepole kwa kitambaa, kuanzia juu kwenda chini, na kuosha gari kwa mkono ni njia ya kulijua ambayo kuliendesha hakuwezi kuifikia. Mimi ni mpima ardhi na maisha yangu yote nimefanya kazi na mistari iliyonyooka, basi labda ndiyo maana nilishangazwa na jinsi mwili wa gari hili usivyo na mstari ulionyooka hata mmoja. Ubavu wake unaanza kwenye tao la gurudumu la mbele, unashuka kwa upole mlangoni, kisha unapanda tena juu ya gurudumu la nyuma, na mwanga wa asubuhi unapopita juu yake unaonekana ukitembea. Vishikio vya milango ni vipande vidogo vya chuma chenye kung'aa, vyembamba kiasi kwamba unavifungua kwa kidole kimoja au viwili. Pua yake haina grili, ina uwazi mmoja tu wa kupitishia hewa, na huo ndio unaolipatia ule uso wa kutabasamu ambao watu hulicheka au hulipenda kwa ajili yake.

Halafu kuna taa. Taa za mbele za magari haya ya mwanzo zimelala ndani ya boneti, na ukibonyeza swichi huinuka zote mbili kwa pamoja. Watoto wa jirani waligundua jambo hili kabla sijamaliza kuosha. Waliomba niziinue, nikaziinua. Wakaomba nizishushe, nikazishusha. Na kila zilipoinuka walipiga kelele ileile ya kwanza, bila kupunguza. Mazda iliziondoa katika toleo la pili la gari, lililoingia sokoni mwaka 1998, ikaweka taa zisizosogea ambazo bila shaka ni nyepesi na hazina mota ya kuharibika. Nakubali hoja hiyo yote na bado naona walipoteza.

Saa nne hivi alikuja mchongaji mmoja wa milango ambaye karakana yake iko nyuma ya ile mitaa ya nyumba za mawe. Alikuwa amesikia kwa watoto kuwa kuna gari lenye usukani wa mbao. Aliomba ruhusa, akanawa mikono kwanza kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo, akaikausha kwenye shati lake, ndipo akaushika. Alifuatisha duara lote kwa vidole vya mikono miwili bila kuzungumza, akatafuta mahali vipande vinapoungana, akapapata kwa ukucha, akarudi nyuma akaangalia tena. Akasema ungio limefichwa vizuri na kwamba aliyelipiga msasa hakuwa na haraka. Nilimweleza kwamba pengine lilipigwa kwa mashine. Akanijibu kwamba hata mashine ina mtu aliyeamua iishie wapi. Alikaa karibu saa nzima, na hakuuliza hata mara moja gari lina mwendo gani wala bei gani.

Mjomba alitaka kuzuru Kaole, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Tulikwenda kwa bajaji. Alicheka njia nzima, akisema hajapata kuona mtu mwenye gari jipya akilipa nauli ili gari lake lipumzike.

Jumapili, Bagamoyo hadi Tanga

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi, paa likiwa wazi, Mjomba akiwa amejifunga kilemba cha shali kichwani na masikioni.

Barabara ya Bagamoyo hadi Msata ina kilometa 64 za lami, na asubuhi ya Jumapili ilikuwa karibu tupu. Inapita kwanza kwenye bonde la Ruvu, ambako hewa ilikuwa ya baridi na harufu ya majani mabichi, kisha inapanda polepole kuelekea Kiwangwa. Hapo ndipo injini ilipopata nafasi ya kupumua. Injini hii haina nguvu nyingi chini, na mtu aliyezoea dizeli atadhani ni dhaifu. Inapopita mizunguko 4,000 kwa dakika sauti yake inabadilika, inakuwa kali na safi, na kuanzia hapo kwenda juu unaelewa kwa nini ilipewa valvu 16 na kemshafti mbili za kuzifungua. Bila paa, sauti hiyo haipiti kwenye kichujio chochote. Naandika haya nikijua yatasomeka kama maneno ya mtoto, lakini kwenye kipande kile cha barabara nilicheka peke yangu kwa sauti, na Mjomba, ambaye hakusikia kwa ajili ya shali, aliniuliza nina nini.

Kiwangwa tulinunua mananasi. Mwanamke aliyetuuzia alizunguka gari akitafuta mlango wa nyuma wa kuyapakia, akaukosa, na mwishowe mananasi yote yalisafiri kati ya miguu ya Mjomba.

Kutoka Msata barabara ni ile kuu ya kwenda kaskazini, na mambo yanabadilika: malori, mabasi ya Arusha na Moshi, matuta na rasta kila penye kijiji. Mteremko wa Wami uliokuwa ukitisha sasa ni mwepesi zaidi, kwa kuwa daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500 limechukua nafasi ya lile jembamba la zamani ambalo magari yalilazimika kupishana kwa zamu, na unapopita juu yake unaliona lile la zamani pembeni, chini kidogo, na mto ukiwa wa rangi ya udongo. Nilivuka kwa gia ya nne nikiwa nimetulia kabisa. Gari la chini namna hii lina faida moja ambayo sikuifikiria: upepo wa basi linalopishana nawe unapita juu yako.

Mbele ya Mkata, kwenye kijiji chenye kibao cha 50, trafiki alitoka kivulini akatupungia mkono. Alikagua leseni, bima na namba, akarudisha vyote.

"Mama, hili lina mwendo gani?"

"Afande, hapa lilikuwa linakwenda arobaini na nane."

"Hilo najua, tochi imeshanieleza. Nauliza likiachiwa."

Nilimwonyesha spidomita, ambayo kama magari mengi ya Japani ya wakati ule inaishia 180, na nikamwambia kwamba sijaliachia na sina mpango huo. Alionekana kuvunjika moyo kidogo. Mjomba akamwambia, "Mwambie akuinulie taa, afande." Nikaziinua. Afande akasahau habari ya mwendo, akamwita mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya barabara.

Segera tulikula wali na kuku, na tulipotoka Mjomba alikwenda upande wa kulia wa gari bila kuniuliza, akasimama hapo akisubiri ufunguo. Nilimpa.

Sikuwa nimewahi kukaa kiti cha kushoto cha gari langu mwenyewe. Dereva huona barabara, abiria huona gari. Niliona boneti ikiinama mbele yangu na mawingu yakipita ndani ya rangi ya kijani. Niliona mikono ya Mjomba, yenye makovu ya miaka ya spana, ikiushika usukani kwa wepesi ambao sikujua anao. Aliendesha kwa utaratibu, akisikiliza. Alikuwa akiachia mafuta kabla ya kona, anashusha gia kwa kupandisha kidogo mizunguko ili gari lisishtuke, na anaingia konani kwa usukani mmoja tu, bila kurekebisha. Kwa miaka yote alikuwa amelichukulia gari hili kama ugonjwa wangu wa kupendeza. Tulipokuwa tukipita mashamba ya mkonge ya Hale, mistari yake ikifunguka na kufunga pande zote mbili, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa watu walijua walichokuwa wanafanya." Kutoka kwa fundi, sijui sifa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Karibu na Muheza mvua ilitushukia bila onyo, kama kawaida ya upande huu ulio karibu na milima ya Usambara. Nilifunga paa nikiwa nimeketi, na ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii. Ndani palikuwa pakavu, isipokuwa kwamba tulipofika Pongwe nilisikia maji yakicheza mahali fulani nyuma ya bega langu kila tulipofunga breki. Mjomba aliyasikia pia, wala hakusema kitu, lakini nilimwona ameshaanza kufikiri.

Tumeingia Tanga jioni, tumepita Chumbageni na katikati ya mji hadi Ngamiani, tukiwa na msafara wa baiskeli nyuma yetu ambao ulikua kila mtaa. Watu husema Tanga waja leo warudi leo. Sisi tulifika na hatukuwa na pa kurudi.

Jumatatu, Tanga

Mjomba alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu nilipoamka. Maji ya jana yalikuwa pale alipodhani. Turubai la Roadster humwaga maji ya mvua kwenye mifereji miwili iliyofichwa nyuma ya viti, mmoja kila upande, na mifereji hiyo hutoa maji chini ya gari. Ikiziba kwa majani na vumbi, maji hubaki ndani na kuanza kula bati kutoka upande usioonekana. Ndivyo magari mengi ya aina hii yanavyokufa, katika nchi za mvua hata kuliko za joto. Aliomba waya wa breki ya baiskeli, kitu ambacho Ngamiani hakikosi, akauingiza polepole kwenye mfereji wa kulia, akausokota, na ghafla maji meusi yakamwagika chini pamoja na majani makavu ambayo bila shaka yalidondoka katika mti fulani wa Japani. Aliyaokota machache, akayatazama, akayatupa. Kisha akapiga hesabu ya mengine: shokapu za nyuma, oili, na mkanda wa taimingi, ambao kitabu cha matengenezo kinaonyesha ulibadilishwa zamani mno. Katika injini hii mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, alinieleza, kwa hiyo hautaua injini. Utakuacha tu njiani, pengine usiku. Tutaagiza mkanda wiki hii.

Nilidhani kulifahamu gari kwa kasoro zake kutapunguza ile raha ya kulitazama. Imekuwa kinyume. Ule ubavu nilioufuatisha kwa kitambaa Bagamoyo leo naujua hadi ndani, pale maji yanapopita, na nikiutazama naona vyote viwili.

Alasiri majirani walianza kuja. Wazee wa kahawa waliwasogeza watoto wakatazama wao, na mjadala ukawa mrefu juu ya gari la watu wawili katika mji wa familia kubwa. Mmoja alisema ni ubinafsi. Mwingine alisema ni gari la fungate. Mjomba, akiwa na kikombe chake mkononi, alieleza habari za fremu ya alumini kwa watu ambao hawakuuliza.

Shangazi, mke wa Mjomba, hakuwa amesema lolote tangu jana. Alitoka ndani akiwa amevaa buibui lake jipya na miwani ya jua ambayo sijui aliipata wapi, akapita katikati ya wazee, akafungua mlango wa kushoto kwa kidole kimoja na kuketi.

"Fungua hilo paa," aliniambia. "Na taa uziinue."

"Shangazi, bado mchana."

"Ziinue. Tunakwenda Raskazone, lakini kwanza upite mbele ya msikiti, watu ndiyo wanatoka swala."

Nilipita. Shangazi aligeuka nyuma, akasema kuna waliokuwa bado wanavaa viatu na hawakuona, basi nikageuza gari, nikapita tena.